Kabla hamjanunua swichi ya gigabiti 10

SWALI: Shikamoo fundi. Ninasimamia mifumo ya kampuni ya uwakala wa forodha hapa Tanga mjini. Tuna klaudi yetu binafsi, ndogo: seva tatu za Proxmox (programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya seva), mashine pepe 34, na boksi moja la storeji la TrueNAS linalobeba diski za mashine zote kupitia mtandao kwa itifaki ya NFS. Boksi lina nafasi 16. Tumejaza 12 kwa diski za 8 TB za mizunguko 7,200, zote ndani ya RAIDZ2 moja, yaani kundi la diski linalovumilia mbili zikifa. Ramu ni 32 GB, mtandao gigabiti 1. Tulitoka VMware, programu nyingine ya mashine pepe, mwaka jana. Kila siku ya kazi, saa mbili asubuhi mpaka saa nne hivi, mfumo wa uhasibu unaotumia hifadhidata ya SQL Server unaganda, ankara hazitoki, na madereva wa malori wanapiga simu kutoka bandarini. Windows inaonyesha kila tendo la kuandika linachukua sekunde 0.180. Nikinakili faili kubwa napata 110 MB kwa sekunde, nikaona mtandao ndio umefika mwisho. Bosi amekubali tununue swichi ya gigabiti 10 na kadi zake. Rafiki yangu aliniambia niweke sync=disabled, mpangilio wa boksi unaoondoa subira ya kuthibitisha kila andiko; nilijaribu jioni moja, mfumo ukawa mwepesi ajabu, nikaogopa nikarudisha. Bekapu ya mashine zote inaanza saa saba usiku na inaandikwa humo humo kwenye boksi. Data ya mashine ni kama 3.2 TB, pamoja na bekapu za zamani tumefika 11 TB. Je, niendelee na swichi, au tuhamie kabisa Ceph, storeji inayosambazwa juu ya seva zote?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Swichi isubiri. Si kifaa kibaya, na huenda mwakani mkaihitaji kweli, lakini leo itatibu ugonjwa ambao hamna. Ceph nayo iache. Nitakwambia kwa nini huko chini. Swali lako ulivyoliandika lina jibu ndani yake, ila vipande vyake umeviweka mbalimbali, kimoja kuhusu bekapu, kingine kuhusu saa za asubuhi.

Tuanze na hiyo 110 MB kwa sekunde. Ni namba ya kweli, na kwa waya wa gigabiti 1 hakuna zaidi ya hapo: kinadharia ni 125, ukitoa gharama za itifaki unabaki na 110 na kitu. Lakini kunakili faili moja kubwa ni kazi ambayo SQL Server haiifanyi kamwe saa mbili asubuhi. Yenyewe inasoma kurasa za KB 8 zilizotawanyika huku na huko, na inaandika vipande vidogo vya logi, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikisubiri uthibitisho. Kipande cha KB 4 kinapita kwenye waya wa gigabiti 1 kwa takriban maikrosekunde 33. Kwenye gigabiti 10 kingepita kwa 3.3. Umeokoa maikrosekunde 30. Sasa angalia unachosubiri: sekunde 0.180, yaani maikrosekunde 180,000. Swichi mnayotaka kuinunua ingewapunguzia 30 kati ya hizo laki moja na themanini elfu.

Geuza hesabu upande wa pili. Waya wenu wa sasa, kwa maombi ya KB 8, unaweza kubeba zaidi ya maombi 13,000 kila sekunde. Diski zenu haziwezi hata kukaribia huko. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika inazunguka mara moja kwa milisekunde 8.3, kwa hiyo kwa wastani kichwa kinasubiri milisekunde 4.2 data ifike chini yake, na kabla ya hapo kimeshatumia milisekunde kama 8 kusogea kutoka njia moja hadi nyingine. Jumla ni milisekunde 12 hivi kwa ombi moja la sehemu isiyotabirika, ambayo ni maombi 80 kwa sekunde, siku njema 100.

Utasema, lakini ninazo 12. Unazo, ila umezifunga pamoja kwenye RAIDZ2 moja. ZFS, mfumo wa mafaili wa TrueNAS, inapoandika rekodi ya KB 128 kwenye kundi la namna hiyo, inaikata na kuisambaza juu ya diski zote pamoja na taarifa za kinga. Kuisoma tena, karibu diski zote lazima zisogeze vichwa kwa pamoja. Kwa faili kubwa hilo ni jambo zuri, zote kumi na mbili zinamimina data kwa wakati mmoja. Kwa maombi madogo ya kutawanyika, kundi zima linakuwa na kasi ya diski moja. Mashine pepe 34 zinagombania vichwa ambavyo kwa kazi hii vinahesabika kama kimoja. Wewe unafanya kazi na watu wa mizigo, utanielewa: mnataka kupanua barabara ya kuingia bandarini ilhali kreni ya kushusha makontena ni moja.

Hata hiyo 0.180 yenyewe si fumbo. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni ambayo mafundi wa storeji tunaishi nayo: idadi ya wanaosubiri ni sawa na kasi ya kuhudumiwa mara muda wa kusubiri. Diski ikihudumia maombi 100 kwa sekunde, na mbele yake kukiwa na maombi 18 tu, kila moja litakaa sekunde 0.18. Maombi kumi na nane! Kwa mashine 34 hiyo si hata foleni ya kushangaza. Wanaosimamia SQL Server huanza kukunja uso muda wa kuandika ukivuka milisekunde 20.

Sasa kwa nini saa mbili mpaka saa nne tu, na si mchana kutwa?

Data ya mashine zako ni 3.2 TB. Gawa kwa 110 MB kwa sekunde: unapata sekunde 29,000 na ushei, yaani muda wa saa nane na kidogo. Bekapu inaanza saa saba usiku. Ikienda kwa kasi ya juu kabisa ya waya bila mtu yeyote kuigusa, inamaliza saa tatu asubuhi. Haiendi kwa kasi hiyo, kwa sababu inasoma kutoka kwenye boksi na kuandika kwenye boksi lile lile, vichwa vile vile vikikimbizana. Kwa hiyo inamaliza saa nne. Fungua orodha ya kazi kwenye Proxmox uangalie saa ya kumalizika ya wiki nzima, kisha uiweke kando ya saa ambazo wahasibu wanakupigia simu. Wafanyakazi wanawasha kompyuta, antivairasi za Windows zinaamka, watu 20 wanafungua mfumo wa uhasibu, na chini yao bekapu bado inaburuta terabaiti ya mwisho.

Na kuna jambo baya zaidi ambalo wengi hawalijui. Proxmox inapochukua bekapu ya mashine inayofanya kazi, haiigandishi, inaiacha iendelee. Lakini mashine hiyo ikitaka kuandika juu ya sehemu ambayo bekapu haijaifikia, QEMU, injini inayoendesha mashine pepe ndani ya Proxmox, lazima kwanza ichukue data ya zamani ya sehemu hiyo, iipeleke kwenye bekapu, ndipo iruhusu andiko jipya. Maana yake, kasi ya kuandika ya SQL yako, wakati wa bekapu, inategemea kasi ya mahali bekapu inapokwenda. Nawe umeipeleka kwenye diski zile zile zilizoelemewa. Toleo la Proxmox 8.2, la Aprili 2024, lilileta njia ya kulipunguza hili: ile data ya zamani inawekwa kwanza kwenye storeji ya haraka, mfano SSD ya ndani ya seva, halafu inapelekwa taratibu. Kwenye mipangilio ya kazi ya bekapu inaitwa fleecing. Kama mko kwenye 8.2 au zaidi, na seva zenu zina SSD ya ndani yenye nafasi, iwashe leo leo.

Jaribio la kwanza, basi, ni la bure. Hakikisha bekapu ya jana ni nzima, kwa kurejesha mashine moja ndogo kweli kweli na si kwa kutazama alama ya kijani. Kisha usiku mmoja zima ratiba, na asubuhi yake saa mbili uangalie namba ya Windows. Ikishuka kutoka 0.180 hadi, tuseme, 0.040, umempata mkosaji mkuu, na bado utakuwa na mkosaji wa pili, ambaye ni mpangilio wa diski. Wakati huo huo, kwenye boksi la TrueNAS, acha hii ikikimbia:

zpool iostat -v -l 5

Itakuonyesha kila baada ya sekunde tano muda wa kusubiri wa kila diski, moja moja. Iangalie vizuri, maana ndani ya RAIDZ2 diski moja mgonjwa inawachelewesha wenzake kumi na moja. Ukiona moja inasubiri mara tatu ya nyingine, soma taarifa zake za SMART, kumbukumbu za afya ambazo diski hujiandikia. Namba 5 na 197 zikipanda, diski inakufa. Namba 199 ikipanda peke yake, mara nyingi diski haina kosa, tatizo liko kwenye kebo au viunganishi. Na kwa chumba cha seva kilicho karibu na bahari, chenye hewa ya chumvi na AC inayozimwa wikiendi, kutu kwenye viunganishi si hadithi. Chomoa, safisha, badilisha kebo, kisha angalia kama namba inaendelea kupanda.

Bekapu iondoke kwenye boksi hilo. Hili ningelisema hata kama kasi ingekuwa nzuri, kwa sababu nakala inayokaa kwenye diski zile zile na data yenyewe ni nakala ya kumsaidia tu aliyefuta faili kwa bahati mbaya. Siku boksi likiungua vimekwenda vyote. Tafuta kompyuta yoyote yenye nafasi, hata seva yenu ya zamani, weka Proxmox Backup Server, ambayo ni bure kuitumia. Faida yake kubwa kwenu ni kwamba mashine ikiwa haijazimwa tangu bekapu iliyopita, QEMU inakumbuka ni sehemu zipi zimebadilika na inasoma hizo tu. Bekapu ya kwanza itachukua usiku mzima. Zinazofuata, kwa mashine za ofisi ambazo kwa siku hubadilisha gigabaiti chache, zitaisha kabla ya adhana ya alfajiri. Ukiizima mashine na kuiwasha, kumbukumbu hiyo inapotea na safari inayofuata itasoma diski nzima, kwa hiyo usishangae usiku wa baada ya kuizima. Bekapu za zamani zinazokula 7.8 TB, kaa na bosi mwamue zipi zinahitajika kisheria na zipi zifutwe.

Kitu kingine cha bure: mlitoka VMware. Mashine nyingi zilizohamishwa kwa haraka baada ya Broadcom kuinunua VMware mwishoni mwa 2023 na bei za leseni kubadilika, zilitua Proxmox na diski zilizowekwa kwenye kontrola ya IDE au SATA ya kuigiza, kwa sababu Windows ilikuwa haina draiva ya VirtIO (kiunganishi cha haraka cha mashine pepe) na fundi alitaka tu iwake. Iliwaka, kila mtu akaenda nyumbani, na imebaki hivyo. Kontrola ya IDE ya kuigiza inapitisha ombi moja kwa wakati mmoja na inakula prosesa bure. Fungua vifaa vya ile mashine ya SQL. Ukikuta diski inaitwa ide0 au sata0, inafaa ihamie kwenye VirtIO SCSI single, na alama ya iothread (uzi wa prosesa wa diski hiyo peke yake) iwekwe.

Usibadilishe moja kwa moja, Windows itakufia kwa skrini ya buluu inayosema haiipati diski ya kuwashia. Weka kwanza draiva kutoka kwenye ISO ya virtio-win, kisha ongeza diski ndogo ya mfano ya 1 GB kwenye kontrola mpya, washa Windows iione na iipakie draiva. Ukishaiona kwenye Disk Management, zima, toa ile ndogo, hamisha diski kuu, na urekebishe mpangilio wa diski ya kuwashia. Fanya Jumamosi. Weka na alama ya discard ili nafasi inayofutwa ndani ya mashine irudi kwenye boksi.

Sasa hiyo sync=disabled, na nakupongeza kwa woga wako. SQL Server ikimaliza muamala, inaandika logi na kusubiri storeji iseme kwamba imeshika, hata umeme ukatike sasa hivi data ipo. NFS inabeba ahadi hiyo hadi kwenye boksi. ZFS, ili kuitimiza, inaandika kwanza kwenye sehemu maalumu ya logi, ambayo kwenu iko juu ya diski zile zile zinazozunguka. Ndipo inapojibu. Ukiweka sync=disabled unaiambia ZFS ijibu "nimeshika" wakati data bado iko kwenye ramu, na itashushwa kwenye diski baadaye, kwa kawaida ndani ya sekunde tano. Ndiyo maana ilikuwa nyepesi ajabu: ilikuwa inadanganya. Umeme ukikatika hapo Tanga, mtaani Chumbageni, kabla jenereta haijashika, na UPS ya boksi ikawa ndiyo ile ambayo betri zake hazijabadilishwa tangu inunuliwe, ZFS yenyewe itaamka salama kabisa. SQL ndiyo itakayoamka na miamala ambayo iliambiwa imehifadhiwa na haipo. Wakati mwingine ni ankara kadhaa tu. Wakati mwingine ni hifadhidata isiyofunguka, na ankara zilizokwisha kutumwa kwa wateja ambazo mfumo haujui kama ziliwahi kuwepo. Eleza hilo kwa mkaguzi.

Hata hivyo jaribio lako limetupa habari muhimu. Kama mfumo ulikuwa mwepesi baada ya kuondoa subira ya uandishi peke yake, basi tumethibitisha kwamba maumivu makubwa yako kwenye uandishi unaosubiri uthibitisho, na tunajua pesa ya bosi iende wapi. Nami hutumia mbinu hiyo, ila kwenye dataset (sehemu ya storeji yenye mipangilio yake) ya majaribio yenye mashine ya majaribio. Pima hivi kwa programu ya fio kutoka ndani ya mashine ya Linux, kwa namna inayofanana na logi ya hifadhidata:

fio --name=logi --rw=write --bs=4k --size=1g --ioengine=sync --fsync=1 --runtime=60 --time_based

Andika IOPS (maombi kwa sekunde) na muda wa kusubiri wa asilimia 99, si wastani. Wastani unaficha, mhasibu anakumbuka ile moja iliyoganda, hakumbuki zile tisini na tisa zilizopita.

Dawa zinazouzwa ni mbili. Ya kwanza ni SLOG: SSD ndogo inayopewa kazi moja tu, kupokea maandiko yanayosubiri uthibitisho. Haihitaji ukubwa, inashika sekunde chache tu za uandishi, na kwa mtandao wenu wa gigabiti 1 hata 16 GB ni nyingi. Inachohitaji ni kinga ya umeme, yaani kapasita ndani ya SSD yenyewe zinazoipa muda wa kumalizia kuandika umeme ukikatika. SSD yenye kinga hiyo inaweza kujibu mara moja kwa uaminifu, kwa sababu hata kashe yake ni salama. SSD ya kawaida ya dukani, ile ya kompyuta mpakato, haina kapasita hizo. Ikiulizwa "umeshika kweli?" inabidi iandike kwenye chipu kila mara, na hapo kasi yake iliyochapishwa kwenye boksi, laki kadhaa za maombi, inaporomoka hadi mia kadhaa au elfu moja na kitu. Nimeona watu wakilaumu ZFS miezi mitatu kwa kosa la SSD ya bei nafuu. Optane za Intel, ambazo Intel ilitangaza mwaka 2022 kuachana nazo, zilikuwa nzuri mno kwa kazi hii. Ukikutana na P1600X, ichukue.

Lakini SLOG inatibu kuandika tu. Kusoma kunabaki kwenye kreni ile ile moja. Kwa hiyo kwenu, wenye nafasi nne tupu na data ya 3.2 TB tu, mimi ningeruka SLOG na kwenda kwenye dawa ya pili: SSD nne za daraja la seva, za SATA tu zinatosha, zenye kinga ya umeme, zipangwe kama jozi mbili za mira, kila jozi ikibeba nakala mbili za data ile ile. Mkimudu za 3.84 TB, mnapata 7.68 TB, mashine zote 34 zinaingia na hamjafika hata nusu. Mkiishia kwenye 1.92 TB, mnapata 3.84, hapo pandisha SQL, kidhibiti cha domeni, barua pepe na chochote chenye hifadhidata, na mashine zinazolala zibaki kwenye diski za kuzunguka. Jaribuni kumudu za kwanza. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko gharama ya wewe kuamua kila mwezi ni mashine gani ishuke.

Kabla ya kuhamisha mashine hata moja kwenye SSD, panga dataset mpya sawasawa, kwa sababu mipangilio hii haigusi data iliyokwisha andikwa. Rekodi ya kawaida ya ZFS ni KB 128. SQL ikibadilisha ukurasa mmoja wa KB 8, ZFS inalazimika kuandika upya rekodi nzima ya KB 128, na kama haimo kwenye ramu inaisoma kwanza. Kazi mara kumi na sita. Weka recordsize ya 16K kwa dataset ya diski za SQL, 64K kwa mashine nyingine. Compression (ubanaji wa data) iwe lz4, atime (kuandika saa ya kila usomaji) izimwe. Kisha hamisha kwa kitufe cha Proxmox cha kuhamisha diski, mashine zikiwa zinafanya kazi. Itachukua usiku mmoja kwa data yote. Usijaribu 16K kwenye RAIDZ2 yenu ya sasa, vipande vidogo kwenye RAIDZ vinapoteza nafasi nyingi kwa taarifa za kinga.

Mashine zote zikishahama, zile diski 12 hazina kazi ya haraka tena. Zikibakia na mashine kadhaa juu yake, zivunje na uzipange upya kama jozi sita za mira: kuandika kunakuwa na nguvu ya diski sita badala ya moja, kusoma hadi kumi na mbili, na ukubwa unashuka kutoka 80 TB hadi 48. Kwa kampuni yenye 3.2 TB huo si upotevu. Ujue tu kwamba RAIDZ2 inavumilia kufa kwa diski mbili zozote, lakini mira haivumilii zikifa mbili za jozi moja. Ndiyo sababu nyingine bekapu iwe kwenye boksi la pili kabla hujavunja chochote.

Ramu. Gigabaiti 32 kwa mashine 34 ni kidogo. ZFS inaitumia kama kashe ya kusoma, kwa hiyo kila ombi linalojibiwa humo halifiki kwenye diski kabisa. Endesha arcstat, inayoonyesha kashe hiyo inavyofanya kazi, asubuhi ya kazi. Kama maombi yanayokosa kashe ni mengi, ongeza hadi 64 au 128 kabla ya kufikiria kuweka SSD ya kashe ya pili. Na pitia mashine zenyewe: mashine iliyobanwa ramu inaanza kutumia swap, yaani diski badala ya ramu, na swap ya mashine pepe ni storeji ya pamoja. Mashine tatu za namna hiyo zinatosha kuwaharibia thelathini na moja zilizobaki. Wakati ukiwa huko, tawanya ratiba ya antivairasi zisiamke zote dakika moja, na ikiwa kuna mashine moja mlafi, Proxmox inakuruhusu kuiwekea kikomo cha IOPS kwenye diski yake.

Ceph nilisema uiache. Kila andiko kwenye Ceph, kwa mpangilio wa kawaida, lazima lishikwe na seva tatu kabla ya kujibiwa, na safari zote hizo zinapita kwenye mtandao. Kwenye seva tatu, gigabiti 1 na diski za kuzunguka, mtapata uthabiti mzuri na mwendo wa kobe. Mkija kuwa na seva tano zenye SSD za NVMe na mtandao wa gigabiti 10 au 25, tutazungumza.

Na hapo ndipo swichi inaporudi. SSD zikishaingia, diski itajibu kwa sehemu ndogo ya milisekunde, na waya wa gigabiti 1 utaanza kuonekana, hasa wakati wa bekapu na wa kuhamisha mashine. Dalili yake ni hii: bandari ya boksi la TrueNAS imekaa kwenye 110 MB kwa muda mrefu huku zpool iostat ikionyesha diski hazina foleni. Siku utakapoiona, huhitaji hata swichi kubwa. Kadi kwenye boksi na kwenye kila seva, na swichi ndogo yenye bandari nne za SFP+ (za gigabiti 10), zinawatosha. Usidanganyike kwamba kufunga waya mbili za gigabiti 1 kwa LACP kutampa kila mmoja gigabiti 2, kwa sababu muunganisho mmoja wa TCP unapita kwenye waya mmoja tu. Chaguo la nconnect kwenye NFS, lililoingia Linux 5.3, linafungua miunganisho kadhaa na kusaidia kidogo. Fremu kubwa za MTU 9000 (vifurushi vya mtandao vya baiti 9,000) ziache mwishoni kabisa, na ukiziweka, jaribu kila njia kwa ping -M do -s 8972, maana bandari moja iliyosahaulika itakupa hitilafu za ajabu ambazo hutazihusisha na MTU hata siku tatu.

Kwa bosi, usiende na neno "tumebadilisha mawazo". Nenda na karatasi moja yenye namba ya Windows ya asubuhi yenye bekapu, namba ya asubuhi isiyo na bekapu, na matokeo ya fio. Mwombe fedha ile ile aliyoidhinisha ielekezwe kwenye SSD nne na ramu, na ile seva ya zamani uipewe kwa bekapu. Kikibaki chochote, betri za UPS.